Mafunzo ya Kupinga Ubaguzi wa Rangi katika Vyuo Vikuu vya Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na watumishi wanaozungumza Kiswahili ambao wamepokea, au watapokea hivi karibuni, barua pepe inayowataka wahudhurie mafunzo ya kupinga ubaguzi wa rangi katika chuo kikuu cha Uingereza. Majibu yanahusu England zaidi; Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina utaratibu wao katika baadhi ya mambo, na si kila mahali tumeutaja. Haya ni maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Mafunzo haya ni nini hasa?

Jina ni moja lakini vitu vyenyewe ni vingi. Kwa wanafunzi wapya, mara nyingi ni somo fupi la mtandaoni ambalo mtu hulisoma kwenye kompyuta, akajibu maswali machache na kupata cheti kabla ya kufunguliwa moduli zake za kawaida. Kwa wahadhiri na watumishi, huweza kuwa warsha ya nusu siku inayoongozwa na mwezeshaji, yenye mifano ya matukio ya darasani, ofisini na katika usaili wa kazi. Viko pia vyuo vinavyoendesha mijadala ya muda mrefu, ya wiki kadhaa, ambapo kundi dogo hukutana na kuzungumzia sera za idara yao wenyewe. Kabla ya kuyasifu au kuyalaumu mafunzo, ni vyema kwanza kuuliza ni ya aina gani.

Yalianzia wapi?

Wengi hudhani yalizuka mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Minneapolis na maandamano kuenea dunia nzima. Ni kweli kwamba mwaka huo vyuo vingi vilitoa matamko kwa haraka, lakini msingi wa mambo haya nchini Uingereza ni wa zamani zaidi. Tarehe 22 Aprili 1993, kijana Mweusi aitwaye Stephen Lawrence aliuawa kwa kuchomwa kisu na kundi la vijana Wazungu kusini-mashariki mwa London, na polisi wakaivuruga kesi yake. Uchunguzi ulioongozwa na jaji mstaafu William Macpherson ulitoa ripoti Februari 1999, na ripoti hiyo ikasema waziwazi kwamba taasisi inaweza kubagua kupitia taratibu, mazoea na uzembe wake, hata pasipo mtu mmoja mmoja kukusudia ubaya. Mwaka uliofuata Bunge liliirekebisha sheria ya mahusiano ya rangi na kuzipa taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwemo, wajibu wa kuchukua hatua kabla ya madhara kutokea badala ya kungoja malalamiko. Wajibu huo sasa umo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Oktoba 2019 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilichapisha uchunguzi wake kuhusu bughudha za kibaguzi vyuoni. Takriban asilimia 24 ya wanafunzi wa makabila ya wachache walisema wamewahi kukumbana nazo tangu waanze masomo, na karibu theluthi mbili ya wanafunzi waliokumbana nazo hawakuripoti kwa chuo. Mwaka huohuo wanafunzi wa Goldsmiths, London, waliokuwa wakidai hatua dhidi ya ubaguzi chuoni kwao, walilikalia jengo la Deptford Town Hall kwa siku 137. Kwa hiyo mafunzo unayoitiwa leo hayakutokana na hisani ya wakuu wa vyuo peke yake. Yamedaiwa, na waliodai wengi wao walikuwa wanafunzi.

Je, sheria inakilazimisha chuo kuyatoa?

Sheria ya Usawa haisemi kwa maneno hayo kwamba kila chuo kitoe mafunzo ya kupinga ubaguzi wa rangi. Kifungu cha 149 kinakitaka chuo kizingatie ipasavyo mambo matatu katika kila linalofanywa: kuondoa ubaguzi, kukuza usawa wa fursa, na kujenga mahusiano mema kati ya makundi. Namna ya kufanya hivyo imeachiwa chuo chenyewe.

Hata hivyo, kuna misukumo miwili yenye nguvu. Wa kwanza ni wa mdhibiti wa elimu ya juu wa England, Office for Students, ambaye tangu tarehe 1 Agosti 2025 ameweka sharti linaloitwa E6 kuhusu bughudha na unyanyasaji wa kingono. Kwa kuwa tafsiri ya bughudha katika sharti hilo inafuata Sheria ya Usawa, bughudha za rangi zimo ndani yake. Chuo kinatakiwa kitoe mafunzo yanayofaa kwa wanafunzi na watumishi, kieleze mahali pamoja na kwa uwazi namna ya kuripoti, na hakiruhusiwi kumfunga mdomo mlalamikaji kwa mkataba wa siri.

Msukumo wa pili husemwa kwa sauti ya chini, nao ni hofu ya kushtakiwa. Mwajiri huwajibika kwa ubaguzi unaofanywa na mfanyakazi wake kazini, isipokuwa athibitishe kwamba alichukua hatua zote za busara kuuzuia, na mafunzo ni sehemu ya uthibitisho huo. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya masuala ya kazi iliamua kesi ya kampuni ya Allay, ambayo mfanyakazi wake mwenye asili ya India alikuwa akitupiwa maneno ya kejeli kuhusu rangi na asili yake. Kampuni ilijitetea kwamba wafanyakazi walikuwa wamefundishwa. Mahakama ilijibu kwamba mafunzo hayo yalikuwa yamechacha: yalitolewa zaidi ya mwaka mmoja kabla, wahusika walikwisha kuyasahau, na mameneja waliposikia maneno yale hawakufanya lolote. Tangu hapo vyuo vingi vimekuwa makini kurudia mafunzo kila baada ya muda fulani, na ndiyo maana unaweza kuitwa tena ingawa cheti cha zamani unacho.

Ni lazima nihudhurie?

Ukiwa mtumishi, jibu huwa ndiyo, kwa sababu mafunzo huhesabiwa kuwa agizo halali la mwajiri. Kwa mwanafunzi inategemea chuo na kozi. Soma barua pepe yenyewe na kanuni za chuo. Kozi za uuguzi, ualimu na ustawi wa jamii huwa kali zaidi katika jambo hili kuliko nyingine.

Mimi ni Mwafrika. Kwa nini nifundishwe kuhusu ubaguzi ambao mimi ndiye ninayetendewa?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na lina haki ya kuulizwa. Sehemu ya jibu ni kwamba mafunzo mazuri hayakusudiwi kumwambia mtu kwamba yeye ni mbaguzi, bali kumweleza haki zake, njia za kulalamika, na namna ya kumsaidia mwenzake. Mwanafunzi aliyetoka Dodoma au Kisumu wiki mbili zilizopita anaweza kuyahitaji hayo kuliko aliyezaliwa Birmingham.

Sehemu ya pili haipendezi sana kuisikia. Katika sheria ya Uingereza, ubaguzi wa rangi unajumuisha rangi ya ngozi, uraia, na asili ya kitaifa au ya kikabila, na si kinga kwamba mtendaji na mtendewa ni wa kundi moja. Utani wa “gabachori” kwa Wahindi na “warya” kwa Wasomali, ambao kwetu hupita kama maji katika kundi la WhatsApp, maneno juu ya Wanigeria kwamba wote ni matapeli, au kumcheka mwenzako kwa weusi wa ngozi yake, vyote vinaweza kuwa bughudha kwa mujibu wa sheria hii. Wapo Waafrika Mashariki waliofika ofisi ya malalamiko wakiwa upande wa mlalamikiwa huku wakishangaa, kwa kuwa hawakuwahi kujifikiria upande huo.

Nimesikia mafunzo kama haya yamepigwa marufuku. Ni kweli?

Hiyo ni habari ya Marekani. Jimbo la Texas, kwa mfano, lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, ikivizuia vyuo vya umma kuwa na ofisi za masuala hayo, na kuvikataza kuwalazimisha watu kuhudhuria mafunzo ya aina hiyo. Nchini Uingereza hakuna marufuku kama hiyo.

Je, yanasaidia kweli?

Hapa ndipo panapohitaji maelezo marefu, kwa sababu wanaoyatetea na wanaoyabeza hukosea kwa namna moja: wote huyazungumzia kana kwamba ni dawa moja yenye kipimo kimoja.

Aina iliyochunguzwa sana ni ile ya upendeleo fiche, yaani mielekeo ambayo mtu anayo bila kuitambua. Imejengwa juu ya jaribio la kompyuta lililotangazwa na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1998, ambapo mtu hupimwa kasi yake ya kuhusisha sura na maneno mazuri au mabaya. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilikusanya tafiti 492 na kuzipitia kwa pamoja, nalo likaona kwamba alama za jaribio hilo zinaweza kubadilishwa kwa kiasi kidogo, lakini mabadiliko hayo hayakuonekana kuleta mabadiliko ya mwenendo. Desemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kuyaacha mafunzo ya upendeleo fiche katika utumishi wa umma, ikisema ushahidi wa manufaa yake ni hafifu. Siasa ilikuwemo katika uamuzi ule, lakini hoja ya ushahidi haikuwa ya kubuni.

Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, ambao kwa miaka mingi wamefuatilia takwimu za mamia ya kampuni za Marekani, waligundua kwamba mafunzo ya lazima kwa mameneja, yakiachwa peke yake, hayakuongeza idadi ya watu wa makundi yaliyobaguliwa katika vyeo vya juu, na mahali pengine yalizua ukinzani. Yaliyoleta tofauti ni mambo yasiyo na mbwembwe: mafunzo ya hiari, mpango wa walezi wa kikazi, na kumkabidhi mtu mwenye mamlaka jukumu la kutazama takwimu na kuuliza maswali. Kampuni si vyuo, na Marekani si Uingereza, lakini mwelekeo huo unaendana na yanayoonekana vyuoni.

Kwa maoni yetu, somo la saa moja la kubofya hadi mwisho hukisaidia chuo kuliko linavyomsaidia mwanafunzi. Linakipatia chuo rekodi. Thamani yake kwako ni ndogo lakini ipo: ukurasa wenye jina la fomu ya kuripoti na anwani ya ofisi inayoipokea. Nakili ukurasa huo. Warsha inayowaweka wahadhiri wa idara moja mbele ya takwimu za wanafunzi wao wenyewe ni jambo jingine kabisa, na hiyo ndiyo tungependa vyuo vigharimie.

Takwimu gani hizo?

Mashuhuri zaidi ni pengo la madaraja. Ripoti iliyotolewa Mei 2019 na umoja wa vyuo vikuu pamoja na umoja wa kitaifa wa wanafunzi ilionyesha kwamba kiwango cha wanafunzi Wazungu wanaopata daraja la kwanza au la pili la juu kilizidi kile cha wanafunzi wa makabila ya wachache kwa takriban pointi 13 za asilimia. Kwa wanafunzi Weusi pengo lilikuwa kubwa zaidi. Alama walizoingia nazo chuoni zinaeleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo swali likahama kutoka kwa mwanafunzi, kwamba ana upungufu gani, likaelekea kwa chuo: nani anasahihisha na mtihani una jina au namba, nani anapata muda wa kuonana na msimamizi wake, nani anapewa maoni yenye maelezo na nani anaandikiwa neno moja pembeni. Kwa upande wa walimu, mwanzoni mwa muongo huu Uingereza yote ilikuwa na maprofesa Weusi wasiofika 200, kati ya maprofesa zaidi ya 20,000.

Vyuo vilivyojiunga na hati ya usawa wa rangi inayosimamiwa na shirika la Advance HE hulazimika kukusanya takwimu za aina hii na kuandika mpango wa kazi ili kupata tuzo ya shaba au ya fedha. Tuzo isikuleweshe, uliza mpango wenyewe na nani anaufuatilia.

Kwa nini mafunzo huzungumzia majengo na historia?

Kwa sababu fedha na majina yana asili. Glasgow, chuo kikuu cha Scotland, ilichapisha Septemba 2018 uchunguzi wa namna ilivyonufaika na michango iliyotokana na utumwa, na mwaka 2019 ikatia saini makubaliano na Chuo Kikuu cha West Indies ya kutumia pauni milioni 20 katika miaka 20 kwa utafiti wa pamoja. Chuo hichohicho, mwaka 1837, kilimtunuku shahada ya udaktari wa tiba James McCune Smith, aliyezaliwa mtumwa New York na kukataliwa na vyuo vya nchini kwake. Jengo jipya la kusomea sasa lina jina lake. UCL, chuo kikuu kilichopo London, ambako Francis Galton aliacha fedha za kuendeleza nadharia za kuboresha uzao wa binadamu, iliondoa jina lake na la Karl Pearson, mwenzake katika nadharia hizo, kwenye majengo yake Juni 2020, na Januari 2021 ikaomba radhi rasmi.

Mjadala wa mitaala, nao, sisi hatukuupokea kutoka London. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Wanafunzi wa UCL walipokuja kuuliza kwa nini mtaala wao ni wa Wazungu watupu, ilikuwa imepita karibu nusu karne.

Je, nitalazimishwa kukubaliana na kila ninachoambiwa?

Hapana. Sheria ya uhuru wa kujieleza katika elimu ya juu ya mwaka 2023, ambayo sehemu zake kuu zilianza kutumika England Agosti 2025, inavitaka vyuo vilinde uhuru wa maoni ulio halali. Unaweza kutakiwa uhudhurie na ujue sheria inasemaje. Kulazimishwa ukiri imani ya kisiasa inayobishaniwa ni jambo jingine, na mwongozo wa mdhibiti unavitahadharisha vyuo juu ya hilo. Kupinga hoja kwa adabu ndani ya warsha si kosa. Kumdhalilisha mtu aliyeketi karibu nawe, ukisingizia kwamba unajadili, hakulindwi.

Mhadhiri huliharibu jina langu kila siku, na wenzangu huniuliza “kwa kweli” natoka wapi. Je, huo ni ubaguzi?

Mara moja, pengine ni ulimi tu. Ng'ang'a na Mwanaidi si majina mepesi kwa asiyeyazoea. Lakini mhadhiri aliyekwisha kusahihishwa mara kadhaa na bado hajali, au anayelifanya jina kuwa kichekesho mbele ya darasa, ameingia katika eneo ambalo sheria hulitazama. Kipimo cha bughudha ni tabia isiyotakiwa, inayohusiana na rangi au asili, yenye nia au matokeo ya kuvunja heshima ya mtu au kumtengenezea mazingira ya uhasama na udhalilishaji, na huzingatiwa pia kama ni busara kwa tabia hiyo kuleta matokeo hayo. Zingatia neno matokeo: “sikukusudia” haimalizi kesi. Maudhi madogo yanayojirudia yaandike na tarehe zake, kwa kuwa moja moja hayana uzito, yakikusanywa huwa ushahidi.

Nimebaguliwa. Nifanye nini, na nina muda gani?

Andika kilichotokea siku hiyohiyo: maneno yenyewe, mahali, saa, waliokuwepo. Hifadhi ujumbe na picha za skrini. Kisha amua kama unataka kutoa taarifa tu, ambayo vyuo vingi huipokea hata bila jina, au kufungua malalamiko rasmi. Taarifa isiyo na jina huingia katika takwimu lakini kwa kawaida haiwezi kutumiwa kumchukulia mtu hatua, na wengi huvunjika moyo kwa kutolielewa hilo. Mshauri wa chama cha wanafunzi atakusaidia kuandika malalamiko bila malipo, naye si mwajiriwa wa chuo.

Chuo kikimaliza, kitakupa barua ya kukamilika kwa taratibu. Kwa England na Wales, ukiwa na barua hiyo una miezi 12 ya kupeleka shauri kwa OIA, ofisi huru ya usuluhishi wa malalamiko ya wanafunzi, ambayo haitozi ada. Scotland utaenda kwa mchunguzi wa huduma za umma. Mahakamani ni haraka zaidi: mwanafunzi kwa kawaida ana miezi sita kasoro siku moja tangu tukio, na mtumishi ajihesabie miezi mitatu kasoro siku moja, akianzia kwa shirika la upatanishi la Acas. Saa ya mahakama haisimami kwa sababu tu chuo bado kinachunguza. Hili ndilo kosa linalowagharimu watu wetu wengi, ambao kwa heshima husubiri jibu la chuo hadi mlango unafungwa.

Nikilalamika, visa yangu itaathirika?

Kulalamika hakuvunji sharti lolote la visa ya mwanafunzi. Kinachoweza kuiathiri ni kuacha kuhudhuria masomo, na mtu aliyeumizwa mara nyingi hufanya hivyo. Kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kujitenga. Sheria pia inakataza kumlipizia kisasi mtu aliyelalamika kwa nia njema, iwe kwa kumnyima barua ya mapendekezo au kumbadilishia msimamizi kama adhabu.

Ninasomea uuguzi, na mgonjwa wodini amekataa kuhudumiwa na mimi kwa sababu ya rangi yangu.

Mwambie muuguzi msimamizi papo hapo na umjulishe mhadhiri anayesimamia mafunzo yako kwa vitendo siku hiyohiyo. Tangu Aprili 2020 huduma ya afya ya taifa inawaruhusu watumishi kukataa kumhudumia mgonjwa mbaguzi iwapo hali yake si ya dharura, lakini uamuzi huo si wa mwanafunzi. Usikubali saa zako za vitendo zipunguzwe kwa kuhamishwa wodi kimyakimya. Omba iandikwe sababu ya kuhamishwa.

Idara imeniomba nisimulie yaliyonipata katika warsha ya wahadhiri. Nikubali?

Si wajibu wako. Wanafunzi Weusi wachache wa idara huombwa mara kwa mara wafungue vidonda vyao mbele ya watu wazima wanaolipwa mshahara, kisha warudi maktaba kumalizia insha. Ukiona unataka kufanya hivyo, uliza kwanza nani atakuwepo, kama mtu unayemlalamikia atakaa katika chumba hicho, kama maneno yako yatarekodiwa, na utalipwa kiasi gani kwa saa. Vyuo kadhaa vina viwango vya malipo kwa kazi ya aina hii na havitaji mpaka viulizwe. Ukiwa na malalamiko ambayo bado yanachunguzwa, zungumza na mshauri wako kabla ya kusimulia chochote hadharani.